Soma kwa Sauti, Karani

Karani wa pamba alipochomoa mkono wake kutoka kwenye gunia la mama yangu, aliupangusa kwenye khanga ya mama. Alipangusa kiganja, kisha upande wa nyuma, taratibu kabisa, huku akiwatazama watu waliopanga foleni mbele ya ghala. Halafu akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mizani:

"Mama, humu ulimwaga maji au ulikojoa?"

Watu walicheka. Si wote, lakini walitosha. Mama alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, na karani yule angeweza kuwa mwanawe wa tatu au wa nne. Hata hivyo mama alimjibu kwa heshima, mikono ameikunja kifuani: "Baba, pamba yangu ni kavu. Nimeianika siku nne."

"Fifi," karani akasema, akaandika.

Wakati ule pamba ilikuwa na madaraja mawili tu: safi na fifi. Fifi ilikuwa ile yenye uchafu, iliyolowa, au iliyoliwa na wadudu, na bei yake ilikuwa ya kutupwa. Mama alikuwa haijui fifi. Pamba yake aliichambua jani kwa jani akiwa amekaa kwenye mkeka, na mdudu mmoja akionekana, anarudia lundo zima. Tena ilikuwa kiangazi, Kahama yote vumbi tupu, upepo unakausha hata mate mdomoni. Hayo maji angeyatoa wapi wakati ya kunywa tuliyafuata mwendo wa saa nzima?

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kijiji, umri wangu miaka ishirini na mitatu, vumbi la chaki bado liko kwenye vidole. Sikusema neno. Nimeyakumbuka mengi ya miaka ile ya sabini kwa tabasamu, lakini ukimya wangu wa siku ile sijawahi kuusamehe, na yule aliyeusababisha sikumsamehe pia.

Njiani kurudi nyumbani mama alitembea mbele. Alipofika alivua ile khanga, akaifua mara mbili, akaianika, na hakuivaa tena. Nilipomwona anaifua mara ya pili niliapa moyoni kwamba karani yule nitamvunja mbele ya foleni ile ile.

Wengine wangemvizia, wengine wangekwenda kwa mganga. Mimi nilikuwa na redio mbovu.

Marehemu baba aliniachia redio isiyolia, na nilipokuwa sekondari nilizoea kuifungua na kuifunga wakati wa likizo mpaka siku moja ikalia. Baada ya hapo watu wakaniletea za kwao. Wanaume hawakupenda kusema kwamba redio zao zimetengenezwa na msichana. Walikuja nazo zimefunikwa kwenye kapu kama mayai. Sikuwatoza. Nilichotaka ni zile zilizokufa kabisa, nizichinje. Nyumbani kwa mama nilikuwa na sanduku limejaa waya, spika zilizochanika, na transista za kila aina.

Nilijua pia jambo moja kutoka darasa la fizikia: kitu kikavu hakipitishi umeme, kikilowa kinapitisha. Karani alikuwa anapima pamba kwa kiganja chake, na kiganja kile kilikuwa na chuki, upendeleo na njaa. Mimi nitatengeneza kitu kisichojua gunia ni la nani.

Nilipigilia misumari miwili kwenye kipande cha ubao, ikikaribiana kama upana wa kidole. Juu ya misumari nitaweka pamba. Umeme wa betri mbili za tochi utajaribu kupita kwenye pamba kutoka msumari mmoja kwenda mwingine. Utakaopita utakuwa kidogo sana, kwa hiyo nikaupitisha kwenye transista mbili za kuukuza, kisha ukaenda kwenye mita ndogo niliyoing'oa kwenye tepurekoda. Mshale ukilala kushoto, pamba kavu. Ukipanda kulia, mbichi. Chuma cha kulehemu nilikipasha moto kwenye jiko la mkaa, na vyote nikavifunga kwenye kisanduku.

Mara ya kwanza kukiwasha, mshale ulipanda kwenye pamba kavu. Nikaondoa pamba, nikairudisha ile ile, ukalala. Nikairudisha tena, ukasimama katikati. Pamba moja, majibu matatu! Nilikasirika kana kwamba karani yumo ndani ya kile kisanduku ananicheka.

Ilinichukua Jumamosi nzima kugundua kwamba kosa ni la vidole vyangu. Nikikandamiza pamba kwa nguvu, nyuzi zinashikana na misumari na mshale unapanda. Nikigusa kidogo tu, hata pamba yenye unyevu inaonekana kavu. Basi nikaacha kukandamiza kwa mkono. Nilitafuta jiwe bapa, nikalifunga kitambaa, na tangu hapo kila pamba ilibeba jiwe lile lile.

Mshale ukatulia kidogo, lakini bado ulidanganya. Baada ya misa ya Jumapili iliyofuata nikagundua jingine: hata bila pamba haukulala kabisa. Ubao wenyewe ulikuwa umelowa. Kila baada ya kupima nilikuwa nafuta misumari kwa kitambaa cha maji, na mti ulikuwa unakunywa. Umeme ulipita chini, ndani ya ubao, bila kuhitaji pamba. Nikautupa, nikaipachika misumari kwenye kisahani cha plastiki cha kuwekea sabuni. Mshale ukalala kama umekufa. Nikaweka pamba kavu, ukalala. Nikaipulizia pumzi, ukasogea. Nikainyunyizia maji, ukaruka hadi mwisho.

Nilimwita mama aone. Alitazama mshale, akanitazama mimi.

"Utakipeleka kule?"

"Ndiyo, mayu."

"Kiwe kizuri," alisema, akarudi jikoni. Ndipo nilipojua kwamba hata yeye hakuwa amesahau.

Nilikipeleka siku ya kununua pamba, nimevaa gauni langu la kanisani. Nilimwamkia mwenyekiti wa kijiji, nikamweleza mbele ya watu kwamba nimetengeneza chombo cha kupima unyevu, nacho kitasaidia pande zote. Mwenyekiti alipenda mambo ya maendeleo, akakubali. Karani akatabasamu, akaniachia nafasi kwenye meza ya bati iliyokuwa nje, kwenye jua la saa saba.

"Karibu, Mwalimu. Tufundishe."

Niliweka kisanduku mezani, nikaanza kueleza. Watu walisogea. Nilikuwa bado nazungumza, pamba bado iko mkononi, nikasikia mtu anacheka. Nikatazama chini. Mshale ulikuwa unapanda peke yake. Kwenye misumari hapakuwa na kitu, nao unapanda, polepole, unapita katikati, unakwenda kulia.

Nikazima. Nikawasha. Ukapanda tena, safari hii haraka zaidi.

Karani aliinama, akakitazama kisanduku kwa makini, akanyoosha kidole akagusa kisahani cha sabuni. Kisha akakipangusa kidole kile kwenye shati lake.

"Mwalimu," alisema, "mashine yako yenyewe imelowa."

Kicheko cha siku ile kilikuwa kikubwa kuliko kile cha kwanza. Kulikuwa na wazazi wa wanafunzi wangu. Jumatatu yake nilipoingia darasa la sita nilikuta mtu amechora ubaoni kisanduku kinachokojoa.

Sikulia. Nilikwenda nyumbani nikakiwasha mezani kwa mama, kwenye kivuli. Kikafanya kazi bila kosa. Nikapima pamba kumi, majibu kumi sahihi. Hapo ndipo hasira iliponipanda hadi macho yakaona giza. Chombo kilikuwa kinasema kweli nyumbani na kunisaliti mbele ya adui.

Jirani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa ananionea huruma, alinishauri kwa sauti ya chini: "Yule ana dawa. Kitu chako hakitafanya kazi mahali alipo."

Nakiri kwamba nilifikiria. Lakini nilisema, kama ni dawa, basi nayo ina namna yake ya kufanya kazi, na nitaitafuta. Nilianza kubadilisha kitu kimoja kimoja. Nikaweka betri mpya: hakuna tofauti nyumbani. Nikatikisa waya wote: hakuna. Nikaweka kipande cha bati chini ya kisanduku kama meza ya ghalani: hakuna. Kilichobaki ni kitu ambacho nyumbani hakikuwepo. Jumapili saa saba nikakitoa uani, nikakiweka juani, nikachuchumaa nikakitazama.

Mshale ulikaa. Ukakaa. Kisha ukaanza kupanda.

Nikakirudisha kivulini. Baada ya muda ukashuka. Nikakitoa tena, ukapanda. Nilipiga kelele hata mama akatoka na mwiko mkononi.

Sasa nilitaka kujua ni nini hasa ndani ya kisanduku kinachoogopa jua. Nikiwa kivulini nilifungua kifuniko, nikashika waya kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Hakuna. Nikashika mita. Hakuna. Nikaibana transista ya kwanza kati ya kidole gumba na cha shahada, bila kugusa miguu yake, nikasubiri. Mshale ukapanda. Nikaiachia, ukashuka. Joto la vidole vyangu tu lilitosha. Transista ile kizee, yenye kofia ya bati, ikipata joto ilikuwa inavujisha umeme yenyewe, na ya pili inaukuza ule uongo. Pamba haikuhusika kabisa. Misumari haikuhusika. Nilikuwa nimewatafuta wakosaji mlangoni wakati mwizi yuko chumbani.

Jumamosi iliyofuata nilipanda lori la kubeba chumvi hadi misheni, upande wa Ushirombo, alikokuwa bruda mmoja mzee aliyetengeneza injini ya mashine ya kusaga na redio za mapadre.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Umeleta nini?"

Nilimwonyesha. Aliichomoa transista yangu, akaigeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Hizi za zamani joto linazitia wazimu. Tafuta za silikoni." Akafungua kopo la kahawa, akachagua mbili nyeusi, ndogo kama mbegu za papai. Aliponipa hakuziachia mara moja.

"Unapima nini?"

"Pamba, Bruda."

"Kwa ajili gani?"

Sikuweza kumdanganya. "Kuna mtu nataka kumwaibisha."

Alifikiri kidogo, kisha akaziachia zidondoke kiganjani mwangu. "Hayo ni ya kumwambia padre. Mimi ni fundi."

Nilizilehemu siku ile ile niliyorudi. Nikakiweka kisanduku juani tangu saa nne mpaka saa tisa, hata plastiki ya sabuni ikaanza kulainika. Mshale ulilala. Nikakikumbatia, nikakipumulia, nikakiweka karibu na jiko. Ulilala. Sikukipeleka ghalani upesi. Nilisubiri wiki tatu, mpaka nikasikia kwamba bwana shamba kutoka wilayani atakuja kukagua ununuzi. Nilitaka awepo mtu ambaye karani hawezi kumcheka.

Siku hiyo watu waliponiona na kisanduku changu walianza kucheka kabla sijafika. Karani naye alinipokea kwa furaha. "Mwalimu amerudi! Leo mtengenezeeni kivuli, mashine yake inatoka jasho."

"Sitaki kivuli," nikasema. "Iwekeni juani."

Bwana shamba alikuwa mtu mkimya mwenye kofia ya majani. Akauliza kuna nini, mwenyekiti akamweleza. "Mwacheni apime," akasema.

Nilikiacha kisanduku kitupu juani kwa muda mrefu, mpaka watu wakaanza kunong'ona. Mshale haukusogea. Nikachukua pamba kutoka gunia alilotaka bwana shamba mwenyewe, nikaweka na jiwe juu. Ukalala. Nikaichovya pamba ile ile kwenye kikombe cha maji, nikaikamua, nikaiweka. Ukaruka hadi mwisho wa kioo. Kicheko kikakatika.

Ndani ya ghala kulikuwa na malundo mawili, safi na fifi. Nikaomba lundo la fifi lisilochafuka, lile lililoandikwa fifi kwa sababu ya unyevu. Bwana shamba akaamuru magunia yatolewe nje. Nikageuka nikamtazama karani.

"Mimi naweza kusema uongo," nikasema. "Njoo usome wewe."

"Mimi si fundi wa redio."

"Kushoto kavu, kulia mbichi. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Soma kwa sauti, Karani."

Bwana shamba alimtazama tu. Karani akaja, akainama.

"Kavu," akasema.

"Hawakusikia kule nyuma."

"Kavu!"

Gunia la pili, kavu. La tatu, kavu. Kwa kila gunia nilimwita mkulima mwenye jina lililoandikwa juu yake asimame pembeni, ili karani akinyanyua kichwa akutane na macho yake. Nilikuwa sina haraka. Niliifuta misumari kwa kitambaa kikavu kila mara, nikaipanga pamba vizuri, nikaweka jiwe, nikasubiri, kisha nikasema, "Soma." Kufika gunia la kumi sauti yake ilikuwa imekauka, na shati lake limemganda mgongoni. Nilijifanya sioni kwamba ana kiu. Alisoma "kavu" mara kumi na saba, na sikumpunguzia hata moja. Sitadanganya kwamba nilihisi haki ikitendeka. Nilihisi utamu, ule wa kukwangua kipele.

Na yeye akapata pa kunishika.

Katika foleni, miongoni mwa magunia ambayo hayajapimwa, kulikuwa na la baba yangu mdogo. Huyu ndiye mtu pekee aliyemtetea mama siku ile ya khanga. Alimwambia karani mbele ya watu kwamba hana adabu. Karani alinyoosha mkono. "Pima na lile," akasema. "Au mashine yako inajua neno moja tu?"

Nilipoingiza mkono ndani ya gunia nilijua. Juu ilikuwa kavu, katikati baridi, imeshikana. Baba mdogo alikuwa ameinyunyizia ili iongezeke uzito. Nilimtazama. Alitikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha kuonekana na mimi tu.

Nilijua la kufanya. Ningeliweka jiwe upandeupande, lisikandamize, na mshale ungelala. Hakuna mtu pale angeelewa. Wiki zote zile za kutafuta makosa ya chombo zilikuwa zimenifundisha namna zote za kukifanya kidanganye. Jiwe lilikuwa mkononi. Lakini karani alikuwa ameinama juu ya mita, pua yake karibu na kioo, ananisubiri, na nikaona kwamba nikidanganya mara hii moja, zile kumi na saba zote zitakuwa zake. Sikutaka kumpa hata moja. Nikaliweka jiwe sawasawa.

Mshale ukapanda.

"Mbichi!" karani akapiga kelele, kwa furaha kubwa, kama aliyeshinda bahati nasibu. "Mbichi! Mmeona?"

"Tumeona," bwana shamba akasema. "Kumbe inajua." Akavua kofia, akamgeukia. "Basi niletee daftari, na uniambie fifi hii yote kavu inapanda lori kwa jina gani."

Ilikuwa inapanda kwa jina la safi, na tofauti ya bei inaingia mfukoni mwake, kama wengi tulivyokuwa tukihisi. Karani alisimama pale mdomo wazi, na furaha yake ya sekunde moja iliyopita bado haijamtoka usoni. Uso ule ndio ninaoukumbuka zaidi. Baba mdogo alijitwika gunia lake akaondoka bila kuaga.

Magunia yetu yaliandikwa upya. Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshapata habari, lakini alitaka nimsimulie mwenyewe. Alikaa akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Ulimsomesha mara ngapi?"

"Kumi na saba, mayu."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akauliza, "Na shemeji yangu?"

Baba mdogo hakuniitikia salamu misimu miwili. Nilipiga goti, nikasema shikamoo, naye alitazama juu ya kichwa changu kana kwamba anatafuta mvua. Siku alipoitikia tena hakueleza kitu, nami sikuuliza. Nadhani kati ya watu wote wa siku ile ni yeye aliyelipa zaidi, na aliyelipisha ni mimi.

Karani hakufungwa. Alihamishwa tu, akapelekwa ghala jingine upande wa Ushetu, kwenye pamba na tumbaku. Habari hizo nilizipata kwa dereva wa lori, na usiniulize kama nililala vizuri. Yaani anakwenda kuupangusa mkono wake kwenye khanga za wengine? Niliketi na karatasi ya daftari la shule, nikachora mchoro wote: misumari, kisahani, jiwe, transista za silikoni, upande gani wa betri uende wapi. Nikaandika kwa herufi kubwa kila kosa lililonipata na namna ya kulijua. Nikautuma kwa mwalimu mkuu wa shule ya huko, mtu nisiyemfahamu, pamoja na maelezo ya kwa nini atakihitaji.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Mwalimu mkuu aliandika kwamba wamekitengeneza na kinafanya kazi, ila lori la pamba likiwasha injini jirani, mshale unatetemeka na karani anasema ni kibovu. Nifanyeje?

Nilimjibu siku hiyo hiyo. Nilimwambia akifungie chombo ndani ya kopo la bati, vibaki nje misumari na kioo cha mita tu, aunganishe kopo na upande hasi wa betri, na injini haitakisumbua tena. Chini nikaongeza kwamba karani mwenyewe ndiye anayefaa kusoma mshale, na asome akiwa amesimama juani.